Mwaridi wa Uani: Namna ya Kuutafuta, Kuuotesha na Kuutunza Kampala

Kama unataka mwaridi utakaozeeka nawe hapa Kampala, usianze kwa muuza maua. Anza kwenye nyua za wazee. Nyuma ya nyumba za matofali za Mengo, pembeni ya makaburi ya familia, kwenye viwanja vya makanisa ya zamani, na kwenye nyumba kuukuu zilizobaki Kololo na Entebbe, bado utakuta vichaka vya waridi ambavyo hakuna anayevipulizia dawa wala kuvimwagilia, na bado vinachanua. Maua yake ni madogo, ya pinki au mekundu, hulegea mara yakichumwa, na ukiyaweka mezani Alhamisi hayafiki Jumamosi. Kwa sababu hiyo yamepuuzwa. Lakini yananukia, na mti wake haufi ovyo.

Uganda hukuza mawaridi mengi sana, ila si haya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya Wakiso na Mukono, karibu na Ziwa Victoria, yamekuwa yakipeleka Ulaya waridi la kichwa kidogo, kwa kuwa huku tuko karibu mita 1,200 tu juu ya usawa wa bahari, na joto letu halileti kichwa kinene kama cha Naivasha, iliyo karibu mita 1,900. Waridi hilo limezalishwa ili lidumu, lisafiri na lisimame wima. Harufu haikuwa kipaumbele. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walieleza katika jarida la Science kwamba kimeng'enya kimoja, walichokiita RhNUDX1, husaidia petali kutengeneza sehemu kubwa ya harufu ya waridi, na kwamba katika aina isiyonukia waliyoichunguza, kazi hiyo ilikuwa imezorota. Basi bibi harusi akibeba shada lisilonukia, asidhani pua yake ina mafua.

Wapenzi wa waridi duniani wameweka mpaka wao mwaka 1867, ilipotokea 'La France' ya Mfaransa Guillot. Jamii zilizokuwapo kabla ya hapo ndizo za kale. Kwa Kampala mimi siung'ang'anii mpaka huo. 'Queen Elizabeth' ilitolewa Marekani mwaka 1954, mwaka uleule malkia mwenyewe alipokuja Jinja kufungua bwawa la Owen Falls. Kwa kalenda ya Ulaya hiyo ni ya juzi. Lakini kichaka kilichosimama katika ua mmoja miaka hamsini bila kutunzwa kimeshafaulu mtihani ninaoujali, na ninakihesabu miongoni mwa wazee.

Kabla hujachagua, elewa jambo moja ambalo vitabu vya Uingereza havitakueleza kwa sababu haliwahusu: Kampala haina majira ya baridi. Zile waridi za kale zinazosifiwa sana Ulaya, yaani jamii za gallica, alba, centifolia na nyingi za damask, huchanua mara moja kwa mwaka, na zinahitaji baridi ya miezi kadhaa ili ziweke machipukizi ya maua. Ukizipanda Ntinda zitakupa majani mazuri, marefu, ya kijani, na ua moja moja la kubahatisha, au hata hilo usilione. Wasomaji wenye ndugu Oman wanijali hapa. Waridi la Jabal Akhdar, ambalo ndilo hutoa marashi tunayoyanyunyiza kwenye maulidi na harusi, ni la jamii ya damask. Huchanua kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, katika vijiji vilivyo karibu mita 2,000 juu, baada ya baridi ya mlimani. Shemeji yako aliyeko Muscat akikuahidi mche, mwambie akuletee chupa ya marashi. Tena mche wa kutoka nje unahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo kabla haujapanda ndege.

Kampala inafaa jamii za China na watoto wake. Hizi hazingoji baridi. Huchanua, hupumzika kidogo, huchanua tena, Januari hadi Desemba. Mkuu wao ni 'Old Blush', ya pinki, iliyofika Ulaya kutoka China katika karne ya 18 na ambayo ni mzazi wa karibu kila waridi la bustani linalochanua mara kwa mara leo. Wanasayansi walipochapisha jenomu ya waridi mwaka 2018, aina waliyoichagua ilikuwa hii. Na sehemu moja ya ukoo wake ilizaliwa katika Bahari ya Hindi, jirani yetu. Kisiwani Réunion, kilichoitwa wakati huo Île Bourbon, wakulima walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi ya aina mbili, 'Old Blush' na damask moja inayorudia kuchanua. Karibu mwaka 1817 kukaonekana kati yao mche wa tatu ambao haukufanana na yeyote kati ya hao wawili. Mtaalamu wa mimea aliyekuwa kisiwani, Bréon, alipeleka mbegu Paris mwaka 1819, na hapo ndipo ilipoanzia jamii ya Bourbon: maua ya mviringo kama kikombe, yaliyojaa petali, yenye harufu ya damask na uvumilivu wa 'Old Blush'. Ningeweza kuchagua jamii moja tu kwa ajili ya ua wa Kampala, ningechagua hiyo, na ningeweka kichaka cha China kando yake kwa ajili ya miezi ambayo Bourbon amenuna.

Majina machache yatakusaidia ukikutana na mwenye mkusanyiko. 'Cramoisi Supérieur' ya 1832 na 'Louis Philippe' ya 1834 ni nyekundu, fupi, hazichoki. 'Mutabilis' ina petali tano tu. Hufunguka manjano, kesho yake pinki, kisha nyekundu iliyoiva, na kichaka kizima huwa na rangi zote tatu kwa pamoja. 'Duchesse de Brabant' ya 1857, ya jamii ya Tea, huinamisha shingo na kunukia vizuri mno. 'Souvenir de la Malmaison' ya 1843 inasifiwa kila mahali, nami nasema usiipande kama uko upande wa ziwa: mvua ya Aprili ikishika, maua yake hugandamana yakiwa bado yamefumba na kuoza yakiwa kikonyoni. 'Zéphirine Drouhin' ya 1868 haina miiba, ni nzuri karibu na mlango wenye watoto, lakini madoa meusi yanaipenda kuliko wewe.

Mara nyingi, hata hivyo, utakutana na kichaka ambacho mwenyewe hajui jina lake, na usimsumbue. Kijue kwa macho. Wa China ana vijiti vyembamba, miiba ya kuhesabika, majani madogo yaliyochongoka na yanayong'aa, na machipukizi mapya yenye wekundu. Kuna kipimo kizuri kuliko vyote hivyo: litazame ua moja kwa siku tatu. Waridi lenye damu ya Ulaya hupauka juani. La China huzidi kuiva, pinki ikakaribia nyekundu. Bourbon utaitambua kwa fimbo ndefu zinazotoka nje ya kichaka bila adabu, na kwa harufu inayokufikia kabla hujainama. Kichaka kikiwa na maua madogo meupe au ya pinki ya mara moja moja, na vijiti vinavyotoka ardhini kwa fujo, shuku kwamba ni shina la chini lililobaki baada ya waridi lililobebeshwa juu yake kufa. Hayo ni ya kawaida. Miche ya kununua mara nyingi imebebeshwa, na asiyejua huacha chipukizi la chini likammeza aliyekaa juu. Ndiyo sababu nyingine ya kuotesha kutoka kwenye kijiti: mche unaosimama kwa mizizi yake mwenyewe, hata ukiliwa na mbuzi hadi chini, utachipua uleule.

Sasa kuomba. Ua wa mtu si kitalu cha barabara ya Entebbe, na kukata tawi juu ya ukuta ni wizi hata kama ni mkono mmoja tu umeingia. Piga hodi, msalimie jjajja, mzee wa nyumba, kwa kirefu, kaa ukiambiwa ukae. Sifu mti kabla ya kuomba. Muulize nani aliupanda. Hapo ndipo utakapopata historia ambayo hakuna kitabu kitakachokupa, kwamba ulitoka kwa mamake mdogo wa Masaka, au kwamba ulikuwapo nyumba ilipojengwa. Kilo ya sukari na kipande cha sabuni havijawahi kumchukiza mtu mzima Buganda. Pesa usizitoe mapema, maana ukishataja bei umeshageuza zawadi kuwa biashara. Na kama nyumba imezungushiwa mabati tayari kwa kuvunjwa ijengwe fleti, tafuta mwenye kiwanja au msimamizi, usimalizane na askari wa getini pekee. Wengi hukubali haraka, kwa kuwa kesho yake trekta litang'oa kila kitu.

Wakati mzuri ni mvua zinapoanza, Machi au Septemba. Nenda asubuhi. Chagua tawi lililomaliza kuchanua si muda mrefu, lenye unene wa penseli. Ukisukuma mwiba kwa dole gumba ukabanduka kwa mlio, tawi limekomaa. Ukinyumbuka tu, bado changa. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja na macho manne hivi. Chini kata mlalo, mara tu chini ya jicho. Juu kata mshazari, ili baadaye usije ukakipanda kichwa chini miguu juu. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Vifunge kwa gazeti lililoloana, vitie kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na uvipande siku hiyohiyo.

Udongo wa kuoteshea usiwe na rutuba. Watu wengi hapa hupotea kwa wema: wanatia samadi, na kijiti kisicho na mizizi kinaoza badala ya kula. Chukua sehemu mbili za mchanga wa ziwa, huu wa ujenzi, uuoshe, na sehemu moja ya udongo mweusi. Zamisha theluthi mbili za kijiti. Funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, weka mahali penye kivuli cha mwembe au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi peke yake. Baada ya wiki tatu fungua kizibo cha chupa, hewa iingie. Kijiti kitachipua majani mapema na utafurahi. Tulia, hayo yanatoka kwenye akiba ya tawi, si kwenye mizizi. Vuta kidogo baada ya wiki sita hadi nane. Kikikataa kutoka, kimeshika. Ukiotesha kumi vikapona vitano, umefanya vizuri. Wa China hushika kwa urahisi. Wa jamii ya Tea wana madeko, otesha vingi zaidi.

Mche ukishapata mizizi, uhamishie kwenye mkebe au kaveera kubwa, na uupande shambani mvua zinazofuata. Hapa ndipo Kampala inapotaka uifahamu. Mabondeni maji yanatuama, na mwaridi wenye miguu ndani ya maji hufa ukiwa umesimama. Kama unakaa chini kama Bwaise, panda kwenye tuta lililoinuliwa au kwenye pipa lililotobolewa. Juu ya vilima tatizo ni murramu: chini ya sentimita chache za udongo mwekundu kuna tabaka gumu linalohitaji sururu. Chimba shimo la nusu mita kila upande, vunja sakafu yake, changanya udongo na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na konzi moja ya majivu ya kuni kwa kuwa udongo wetu una asidi. Samadi ya kuku iliyo mbichi itaunguza. Jua linalotakiwa ni saa sita kwa siku. Acha mita moja hadi mche wa pili. Juu tandaza maganda ya kahawa au nyasi kavu, lakini usiyasogeze hadi kwenye shina. Acha nafasi ya kiganja, vinginevyo unawakaribisha mchwa na kuwaandalia na chakula.

Kukata matawi ndiko kunakoua miwaridi ya kale mijini kwetu. Mtunza bustani amefundishwa kushusha kila waridi hadi magotini mara mbili kwa mwaka, na kwa waridi za kisasa hakosei. Lakini wa China na wa Tea huweka nguvu zao kwenye matawi ya zamani. Ukiyaondoa, mti hukaa mwaka mzima ukijiuguza. Miaka miwili ya kwanza usikate chochote isipokuwa matawi yaliyokufa na maua yaliyonyauka. Baadaye punguza theluthi moja, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Julai, kabla ya mvua. Kutoka siku ya kupunguza hadi maua kufunguka ni wiki sita hadi nane. Kwa hiyo anayetaka maua ya Krismasi apunguze mwishoni mwa Oktoba. Anayetaka ya siku ya Mashahidi, tarehe 3 Juni, apunguze kabla ya katikati ya Aprili. Wa Idd ahesabu nyuma kwa mwandamo. Kwanjula nayo, sherehe ya utambulisho wa wachumba, mara nyingi tarehe yake hujulikana miezi kabla, hivyo hakuna udhuru wa kukimbilia sokoni usiku.

Bourbon ana siri yake. Fimbo zake ndefu zikiachwa wima, zitachanua kileleni pekee, juu kuliko pua yako. Zikiwa bado laini, ziinamishe polepole, uzifunge kwenye vigingi au kwenye ua wa mianzi zikiwa zimelala. Utomvu hauwezi tena kukimbilia ncha moja, na kila jicho lililotazama juu litatoa tawi fupi lenye maua. Fimbo moja iliyolazwa inaweza kukupa maua mengi kuliko kichaka kizima kilichosimama. Watu wengi hawaamini hadi waone.

Magonjwa nayapitia haraka. Aprili na Novemba yatakuja madoa meusi kwenye majani. Okota yaliyoanguka, yachome au yazike, na mwagilia shinani asubuhi, si juu ya majani jioni. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni. Utitiri wa Januari na Februari huchukia maji yanayopulizwa chini ya jani. Maduka ya pembejeo ya Container Village yatakuuzia dawa ya kila rangi, na kwa mwaridi ulioishi miaka arobaini bila dawa sioni kwa nini uianze leo. Unaopoteza majani yote kila mvua bila kupona, ung'oe, upande mwingine. Bustani si hospitali.

Usipopulizia dawa, petali zako zinalika, na hiyo ni faida ambayo waridi la dukani haliwezi kukupa. La kibiashara usilitie mdomoni kamwe. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla ya saa tatu, harufu ikiwa imejaa. Kata kile kipande cheupe cha chini ya petali, kina uchungu. Zikaushe kivulini, uzitie kwenye chai ya tangawizi. Ukitaka maji ya waridi, weka petali nyingi na maji kiasi ndani ya sufuria, simamisha bakuli la udongo katikati juu ya kigae, funika kwa mfuniko uliogeuzwa, na juu ya mfuniko weka barafu. Moto uwe mdogo. Mvuke utagonga mfuniko baridi na kudondokea bakulini. Yaweke kwenye friji na uyatumie ndani ya wiki chache, kwenye shira ya kaimati au kwenye mrashi wa maulidi. Usitegemee harufu kali kama ya Oman. Itakuwa nyepesi, na ni ya ua wako.

Mwisho, jina. Usijibunie la Kifaransa. Wapenzi wa waridi wa Bermuda, kisiwa chenye joto ambako za China na Tea zimestawi tangu zamani, walikuta miti mingi isiyojulikana, wakaipa majina ya muda kutokana na mahali au mtu waliyeipata kwake. Moja hadi leo inaitwa 'Smith's Parish', na chini ya jina hilo imesafiri nchi nyingi. Fanya hivyo: andika kwenye kibati mtaa, mwenye ua akikubali atajwe, na mwaka, na uandike daftarini rangi, harufu, na miezi inayochanua. Kisha gawa. Mti ulio katika ua mmoja upo hatarini, kwa sababu mchwa, mbuzi, mrithi asiyejali au mjenzi wa fleti yeyote anaweza kuumaliza kwa siku moja. Miche yako ikishashika, mpe jirani mmoja wa mtaa wako, mpe mwingine anayekaa kilima kingine, na wa tatu umrudishie jjajja aliyekupa kijiti, maana huenda wa kwake umeshang'olewa. Mvua zikianza, usichelewe.